Mkia wa Nyangumi Kizingitini

Jamani, haya nawaambia ninyi tu, maana kwa aibu niliyoipata hata sokoni siku hizi napita uchochoroni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tabora, na wanafunzi wangu, watoto wa mji usio na bahari, waligoma kuamini ukubwa wa nyangumi wa buluu, basi nikaona nimchore chini kwa urefu wake halisi, kichwa kule barabarani Chemchem, mwili ukipita uani kwetu (tena asubuhi ya siku ya kuposwa kwangu, akili za mwalimu hizo!). Chokaa ikaniishia kabla ya mkia. Nikasema ah, kitu gani bwana, nikachota sembe jikoni, nikamalizia mkia pale kizingitini.

Wazee wa Maganga, mchumba wangu, wakawahi kufika kutoka Nzega. Nilikuwa chumbani, maana mposwa hatoki wala hasemi, msemaji ni shangazi. Nikamsikia baba mdogo wa Maganga akiuliza taratibu, "Huu unga mlangoni, mnatambikia nini? Kuna mgonjwa humu?"

Shangazi, ambaye nyangumi hamjui, akajibu, "Ni mambo yake huyo huyo binti."

Hapo ningetulia, lakini nilitoka mbio, mikono imejaa unga, "Shikamooni wazee, huyo ni nyangumi!" Na mdomo ukishafunguka, nani wa kuufunga? Nikawaeleza anavyokula vijidudu vidogo kama dagaa, binadamu walivyomwinda nusura wammalize, meli zinavyomgonga mpaka leo, jike anavyokaa miaka ndipo azae mtoto mmoja tu, na (Mungu anisamehe) kwamba jike ndiye mkubwa, dume ni mdogo kwake.

"Marahaba," akasema baba mdogo, akiangalia viatu vyake. "Tumekuelewa, mwanangu."

Wakaondoka na posa yao, hata maji hawakunywa. Shangazi alilia, nami nililia kumshinda, maana Maganga nampenda.

Nyangumi wa buluu akiita, sauti yake huenda mbali sana baharini, ila kwa walivyobaki wachache sijui kama yupo wa kumwitikia. Nilikuwa nalifundisha hilo huku nikitafuna karanga. Sasa kila jioni nampigia Maganga, simu inaita mpaka inakata.

Naapa, wakija waposaji wengine nitakaa ndani kimya kama mtungi. Tatizo ni kwamba wengine siwataki.