Samaki Wasiokua

Lou Caixian aliingia kiwanda cha kutia vitambaa rangi akiwa na miaka kumi na tisa, akisukuma toroli la majora. Alipofika hamsini na mbili wenye hisa walimpa ukurugenzi, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile. Watu wa mji wao, Shaoxing, walisema amewekwa akipashe joto tu mpaka naibu wake, Qiu Weimin, awe tayari. Naye Qiu hakukanusha.

Maji ya rangi yalisafishwa kwenye matangi, yakapita katika bwawa la samaki wekundu, ndipo yakaingia mferejini. Samaki wakiogelea, maji ni salama. Wakaguzi walikuja, wakapiga picha kando ya bwawa, wakanywa chai, wakaenda zao.

Miaka miwili Caixian hakuona neno. Lakini Mungu ampaye mtu macho humpa na siku ya kuyatumia. Mwaka wa tatu, asubuhi ya siku ya ukaguzi, alisimama bwawani na kikombe chake cha chai. Samaki walikuwa wa kiganja kimoja. Mwaka juzi nao walikuwa wa kiganja kimoja.

"Mzee Mo," alimwita mtunza matangi, "samaki hawa wanakula?"

"Wanakula, Bosi."

"Mbona hawakui?"

Mzee Mo akauegemea ufagio. "Wakue saa ngapi? Wamekuja jana kwa ndoo. Naibu huwaleta kila ukaguzi, na wiki mbili hawazimalizi, wanakufa."

Mwaka wa tatu sasa Caixian alikuwa akitia sahihi kwamba maji ni salama.

"Watoe. Warudishe sokoni wangali hai."

Qiu akaja mbio, tai begani. "Dada Lou, viwanda vyote vya mferejini vinanunua samaki. Bwawa likikutwa tupu kiwanda kinafungwa, na kitambaa cha msimu wa baridi hakijatoka. Kiti chako hicho kinaondoka."

"Najua."

"Basi acha huruma za kike. Hapa ni kiwandani, si jikoni."

"Ingekuwa jikoni ningenusa siku ya kwanza," alisema.

Wakaguzi walipouliza samaki wako wapi, akawaeleza. Wakachota maji, wakafunga kiwanda siku arobaini. Mnunuzi wa kitambaa akahamia kwingine.

"Bosi wa kiume angefunga mdomo," fundi mmoja alinung'unika kwenye kibanda cha tambi.

"Mama yako bado anaosha mboga mferejini," mwanamke wa ghala akamjibu. "Kamuulize yeye."

Wenye hisa wakakutana, wanaume watano, wakawaita Caixian na Qiu. Mkubwa wao, Mzee Tao, akasema kiti apewe Qiu. Qiu akasimama, akafunga vifungo vya koti. Kisha akaisoma fomu mpya ya wakaguzi iliyokuwa mezani: kila siku mkurugenzi atie sahihi kuhusu maji, na kosa likitokea ajibu yeye mwenyewe, si kiwanda.

"Sahihi ni ya mtu mmoja?" aliuliza.

"Mmoja," akajibu Mzee Tao.

Qiu akaketi. "Mgongo unanisumbua siku hizi."

Wengine nao wakasogeza viti nyuma. Mzee Tao akaisogeza fomu kwa Caixian. "Haya dada, endelea kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?"

"Mpaka apatikane mwanamume."

Caixian akaishika kalamu, ila hakuandika. Aliuliza kwanza matangi mapya yanaagizwa lini, akangoja jibu.