Ukili wa Mwanahawa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi za Mwingereza, nikiwa mwali ndani kwa bibi yangu, Masaki hii ya Kisarawe. Niliamka kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimevimba mpaka kinang'aa. Nilidhani ni mwiba wa ukindu, majani yetu ya kusukia, kumbe ni mdudu wa kidole, yule asiyekupa usingizi. Siku hizo msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, haonwi na wanaume, anafundwa na anasuka mkeka. Siku ya kutolewa nje mkeka wake ulitandikwa uwanjani, wanawake wakaupapasa wajue ametoka mwali wa namna gani.

Basi mimi, wala sijisifu bure, nilikuwa nasuka! Ukili wangu, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, ulikuwa mwembamba, umekazana, hata ukiumwagia maji yanatuama juu. Bibi, ambaye kusifu kwake kulikuwa kwa shida, aliutazama akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko nilikokuwa nakutafuta. Ulibaki ukili wa mwisho tu, niusuke niushone pembeni, mkeka uishe.

Kidole kilipasuliwa, kikapona, lakini kilikauka. Hiki hapa, hakikunji mpaka leo. Nililia kuliko nilivyolilia maumivu. Nikamwambia bibi autupe mkeka darini, nitoke mikono mitupu.

Rafiki yangu Mwanahawa alikuwa ametolewa nje kabla yangu, kwa hiyo aliruhusiwa kuja kunitazama. Mungu amrehemu, kwa kusuka alikuwa kichekesho. Ukili wake mpana, umelegea. Tulimtania kwamba anasuka wavu wa kunasia kanga.

"Shoga, lete ukindu," akaniambia. "Nitaumaliza mimi."

"Utaniharibia. Watu wataona."

"Wataona nini? Kwamba una mwenzio?"

Bibi alikuwa mlangoni anapeta mchele. Hakugeuka. "Wewe Mwajuma, kidole hicho kimeshakwenda. Unakililia kama kitakusikia, na mzima yuko hapa anakuomba kazi, unamfukuza."

Niliona haya, nikamwachia. Mwanahawa alisuka, akafumua, akasuka tena, mpaka vidole vikamchubuka. Akipumzika ananiwekea ukindu mapajani: "Na wewe suka. Tumia cha kati." Ah, cha kati kilikuwa hakijui lolote! Nilitoa vitu vya aibu, tukacheka mpaka bibi akatukemea. Lakini sikuacha, na yeye hakuniacha.

Siku ya kutoka, ngoma imekolea, kungwi wangu akautandika mkeka. Wanawake wakapapasa wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama mmoja akafika ukingoni, mkono ukasita. "Huu ukili wa pembeni mbona wa mtu mwingine?"

Mwanahawa akajificha nyuma ya wenzake. Mwali siku ile hasemi. Huinamisha macho watu wamtazame. Mimi nikainua uso mbele ya wote. "Huo ni wa Mwanahawa. Nilipougua, alinisukia."

Halafu bibi, yuleyule asiyesifu mtu, akapiga kigelegele, uwanja mzima ukamwitikia. Mwanangu, nimeolewa, nimezaa, nimeiona bendera ya Mwingereza ikishushwa, lakini sijatembea kifua mbele kama siku ile.

Ndiyo maana nakuambia. Kilichokuondoka kiage, usikikalie matanga maisha yako yote. Kilichobaki kifundishe kazi, hata kama mwanzoni kitakuaibisha. Hiki cha kati ndicho kilichosuka mkeka unaoukalia sasa hivi. Na ukiugua, mwache mwenzio akusaidie kwa mkono alio nao, hata kama si hodari kama wako. Alama ya mkono wake ikionekana kwenye kazi yako usiifiche. Inua uso, umtaje jina.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie viungo vyako, mwanangu. Na siku atakayokupunguzia kimoja, akuletee mtu wa kuketi ubavuni pako akuambie, "Lete ukindu."