Mdogo Wangu na Chanjo ya Watoto Watano

Nyumba yangu ya Mtoni nimeijenga mwenyewe nikiwa Maskati. Nilikwenda kule kufua mashuka ya hoteli, nikarudi na diploma ya usimamizi wa hoteli niliyoisomea jioni baada ya kazi. Nimeitundika sebuleni, juu kidogo ya televisheni, ili mgeni asihangaike kuitafuta. Mdogo wangu husema ukiingia kwangu unasalimiwa na diploma kabla ya mwenye nyumba. Simkatalii.

Alipojifungua mtoto wa tano nilimtoa kwake Tabata aje amalizie arobaini kwangu, maana mie nina maji ya moto bombani na yeye ana mume anayepika ugali mbichi. Bibi yetu mzaa baba alikuja kumkanda. Bibi huniita mke mwenzangu, na kwa utani huo ana ruhusa ya kuniambia lolote. Kila asubuhi aliniuliza kama kule Uarabuni walisahau kunipa mtoto pamoja na cheti.

Arobaini ikiwa katikati, uvimbe ukatokea kwenye titi la kushoto la mdogo wangu, mgumu, ukubwa wa ndimu. Bibi akasema ni maziwa yameganda. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akachukua kitana cha mbao, akawa analichana titi taratibu kuelekea kwenye chuchu. Ndivyo alivyowahudumia wanawake wote waliojifungua katika ukoo wetu, na wengi uvimbe uliyeyuka.

Mie nilisimama mlangoni, kukaa siwezi. Mama yetu alikufa kwa saratani ya matiti kabla hajaota hata mvi, na dada yake alimtangulia kwa ugonjwa huohuo. Nikasema twende hospitali. Mdogo wangu akanijibu kwamba anayestahili kupimwa ni mie. Yeye amezaa watano na kumnyonyesha kila mmoja mpaka ametembea. Kwake hiyo ni chanjo tosha.

"Dada, matiti yako wewe yako likizo tangu yaote," akasema. "Hayo ndiyo ya kuyahofia."

Bibi alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Mama alizaa wangapi?" nikamuuliza.

Mama alizaa sita, na mie na yeye tulimwona akimnyonyesha kitinda mimba wetu. Bibi aliokota kitana, lakini hakurudi kuchana. Mdogo wangu akamfunika mtoto, kisha akatoa sharti: atakwenda nikikubali na mie kupimwa. Alijua anachofanya. Siku ya vipimo vya afya vya safari ya Maskati nilizimia kabla sindano haijanigusa, na yeye ndiye aliyenipepea. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu mwenye diploma.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwetu sote. Nilimweleza elimu yangu na cheo nilichofikia Maskati. Alisikiliza kwa adabu, akauliza mama alikufa akiwa na umri gani. Uvimbe ukapigwa altrasaundi, ukachomwa sindano na kunyonywa majimaji ya kwenda kupimwa. Mdogo wangu, macho yakiwa darini, akauliza kama watoto watano hawamsaidii kitu.

Daktari alimwambia kwamba kwa wanawake wengi kuzaa mapema na kunyonyesha hupunguza hatari, lakini faida hiyo huja taratibu, miaka mingi baadaye. Miaka ya mwanzo baada ya kujifungua hatari hupanda kidogo kwanza. Na kwa mwanamke aliyerithi kasoro ya vinasaba, uzazi si ngao ya kutegemea: wengine huwasaidia kiasi, hasa kunyonyesha, wengine hauwasaidii, na hakuna mtoto anayefuta alichorithi mama yake. Naye asiyezaa huenda hakurithi kasoro hiyo. Kinachomponza anayenyonyesha, akasema, ni kwamba kila uvimbe huitwa maziwa, na miezi inapita.

Akashauri damu zetu zipelekwe kupimwa vinasaba, yaani DNA. Nilitolewa yangu nimelala, mdogo wangu akinipepea kwa khanga. Tuliporudi nyumbani na kumweleza bibi, aliuliza kwa ukali ni mtoto yupi kati ya watano baba yake amemkataa.

Siku za kusubiri majibu ya uvimbe nyumba ilikosa utani. Bibi hakuniita mke mwenza hata mara moja, na nilijikuta nikitamani anitukane. Majibu yakaja: ni maziwa. Bibi alikiweka kitana mezani, mbele ya sahani yangu, akaenda kuswali.

Majibu ya vinasaba yalichelewa sana. Arobaini ilikwisha na mtoto akaanza kukaa. Daktari alituita pamoja. Mie sikurithi. Mdogo wangu amerithi.

"Hata hapa umefaulu wewe," akaniambia nje, kwenye benchi, akimweka mtoto kwenye titi. Daktari alikuwa amemruhusu aendelee kunyonyesha, arudi kwa vipimo kila mwaka, na uvimbe wowote auwahishe hospitali, usisubiri kitana. Nikamshikia mkoba, nikamwambia kila mwaka nitakuja naye, na atakayeogopa atampepea mwenziwe.

Tulipofika Mtoni nilipanda kiti nikaishusha diploma, nikaisogeza pembeni, na pale ilipokuwa nikatundika kadi yake ya kliniki ya matiti yenye tarehe ya kurudi. Hakuna atakayeingia sebuleni kwangu asiione, na mie mwenyewe wa kwanza. Mdogo wangu aliisogelea akaisoma.

"Makubwa," akasema. "Sasa wageni watasalimiwa na titi langu."