Shamba la Ochoki Ndani ya Kioo

Ndugu yangu Ochoki alikuwa fundi wa vioo mjini Kisii, na mtu akitaka kumdharau alianzia hapo hapo: mwanamume wa miaka arobaini na ushee anawawekea wenzake madirisha, na kwao hana hata kibanda. Kwetu jambo hilo si dogo. Unaweza kupanga chumba mtaani Nyanchwa mpaka uote mvi, na kila Sabato ukaketi viti vya mbele kanisani, lakini kama hujajenga nyumbani wewe bado ni kijana. Kwenye vikao utatumwa kuleta viti.

Nina hasira kwa sababu Ochoki hakukataa kujenga. Alikataliwa. Mama yetu Nyamoita, aliyeachiwa shamba na baba, kabla hajafa alimwonyesha sehemu yake nyumbani kwetu kule Kebirigo, kipande cha chini karibu na chemchemi, majani chai yanapoishia. Alimwonyesha mbele yangu, akitembea na kutia alama kwa kisigino. Baada ya mazishi kaka yetu mkubwa, Bosire, akasema hana habari hiyo. Kila Ochoki alipoomba wazee waitwe, Bosire alikuwa na udhuru: mara mvua, mara mavuno, mara mkutano wa kanisa. Yeye ni mzee wa kanisa, hana pupa na mambo ya dunia, hasa yakiwa ya mwenzake.

Kisha akang'oa majani chai ya Mama ili apande mikaratusi. Visiki akavirundika kando vikauke viwe kuni. Ochoki alikwenda akachagua kimoja chenye mizizi iliyopindana, akakifunga nyuma ya bodaboda mpaka mjini. Nilipokiona chumbani kwake nilicheka, nikamwuliza kama makaa yameisha Kisii nzima.

"Hiki si cha kuchoma, Lorna," akasema. "Nitakitengenezea bustani ndani ya maji."

Alikuwa ameona kwenye simu watu wa nchi za mbali wanaopanda milima na misitu ndani ya tangi la kioo, samaki wakipita juu ya miti. Kioo alikuwa nacho, na kuunganisha kwa silikoni ndiyo kazi yake. Tangi likameza nusu ya chumba, kitanda kikasukumwa mlangoni.

Mara ya kwanza alikosea kama ambavyo yeyote wetu angekosea. Alileta udongo wa nyumbani, ule mweusi wa chini ya majani chai, akiamini hakuna udongo unaoushinda. Alisahau kwamba udongo ule umelishwa mbolea miaka yote tangu tuzaliwe. Maji yakawa kijani kama mchuzi wa sukuma, samaki wakaelea tumbo juu. Akamwaga kila kitu akaanza upya. Safari hii alitandaza tope la bondeni, akalifunika kwa mchanga wa mto aliouosha mpaka maji yakatoka meupe. Kisiki alikiloweka miezi kwenye pipa, akibadilisha maji kila yalipogeuka rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Alibandua vimea vya kijani vinavyoota juu ya mawe ya kijito, akavifunga kwa uzi wa kushonea kwenye vijiwe, mstari baada ya mstari. Nyasi nyembamba alizipandikiza kwa kibanio, unyasi mmoja mmoja. Chupa ya soda yenye sukari na hamira ilipeleka hewa kwa mrija ili mimea ipumue. Samaki wapya hakuwatia mpaka maji yalipotulia, na kungoja huko kulichukua wiki nyingi.

Nilikuja kumtembelea kutoka Nyansiongo nilikoolewa. Aliwasha taa ya tangi, nami nikabaki nimesimama na mkoba mkononi. Kisiki kilikuwa kile kilima cha nyuma ya boma letu. Vile vimea vilikuwa majani chai ya Mama, yakiwa hai, mistari yake yote. Mchanga mweupe ulikuwa njia ya chemchemi. Na chini, pale pale Mama alipotia kisigino, palikuwa na kijumba cha jiwe la sabuni, lile laini la vinyago, alichokichonga mwenyewe. Nililia, na sioni aibu kusema.

"Bosire akiiona hii atalegea," Ochoki akaniambia. "Atajua sijasahau nyumbani."

Bosire alikuja Jumapili. Ochoki alikuwa amechinja kuku na kusonga ugali wa wimbi, nami nilikuwepo kuwapakulia. Bosire aliketi mbele ya kioo. Samaki walipita juu ya mistari ile ya kijani, lakini macho yake hayakuwafuata. Aliweka kidole kwenye kioo, akakishusha polepole kutoka kilimani, kupitia majani chai, mpaka kwenye kijumba.

"Hapa ni kwetu?"

"Ndiyo, ndugu yangu. Ni kwetu wakati wa Mama."

"Na hii nyumba ni ya nani?"

Ochoki akacheka kwa haya. "Si ni yangu."

"Nani alikugawia?" Bosire akasimama. "Mpaka umeupitisha kwa nyasi za ng'ombe wangu. Chemchemi umejipa yote. Halafu unaita watu waje kuangalia, ndio siku ya wazee kila mtu aseme aliona! Umegawa shamba la baba bila wazee, na ukaliwekea taa!"

"Ndugu yangu, hao ni samaki tu."

"Samaki hawajui mpaka. Wewe unaujua."

Akaondoka bila kuonja chakula, na kwetu mtu akiacha kuku wa ndugu yake mezani amekwisha kusema yote. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sawa, lakini hapa hakuna aliyepatana na mtu, na mavuno alikuwa akiyavuna Bosire. Mwezi huo huo alipanda mikaratusi mingine mpaka kwenye chemchemi.

Ochoki alitia mkono majini akakitoa kijumba. Akamtumia Bosire ujumbe kwamba amekitoa, asikasirike. Hakujibiwa. Kwa miaka aliendelea kupunguza nyasi zake kwa mkasi na kubadilisha maji, na mahali pa kijumba pakabaki mchanga mtupu.

Mwaka jana aliteleza kwenye jukwaa akitia kioo cha dirisha ghorofani, akaanguka. Hakufika hospitali akiwa hai.

Sasa sikiliza desturi yetu. Mwanamume mzima hazikwi kama mtu wa njiani. Sharti atolewe nyumbani mwake na kaburi lake liwe kando ya nyumba hiyo, na kama hana nyumba ajengewe kabla ya kuzikwa. Wale wazee ambao miaka yote hawakuitwa walikutana jioni ile ile. Bosire mwenyewe aliwaongoza mpaka kipande cha chini, karibu na chemchemi. Siku ya kuleta mwili mikaratusi ikakatwa ikawa nguzo, vijana wakapigilia mabati, na kabla ya jua kutua nyumba ilikuwa imesimama, mlango na komeo. Jeneza likalala humo. Asubuhi Bosire akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu yangu anapumzika kwenye shamba lake." Watu wakaitikia amina.

Nilimfuata nyuma ya jikoni. "Alipokuwa hai nguzo hizi hazikuwepo?"

"Lorna, mila ni mila," akasema. "Ulitaka watu waseme hatukumjengea?"

Tangi nililimwaga mwenyewe, maana mwenye ploti aliyempangisha Ochoki alitaka chumba chake. Wiki hiyo hiyo Bosire aliezua mabati akaezekea zizi la ng'ombe. Kufa kufaana. Ile ndiyo nyumba pekee ndugu yangu aliyowahi kuwa nayo nyumbani, na alilala ndani yake usiku mmoja, bila kujua.