Wanaoililia Stesheni Yetu

Siku hizi mtaani petu, huku upande wa Luzira, imezuka homa ya kuililia stesheni yetu ndogo ilivyokuwa zamani. Ukienda dukani unamkuta mtu anashusha pumzi: enzi zile, jamani. Enzi zipi? Wengi wao hawakupanda treni hata siku moja. Walikuwa wanakaa ndani ya magari, vioo juu, wakiilaani kwa kuwachelewesha kwenye kivuko cha reli.

Stesheni yenyewe ilikuwa sakafu ya saruji, paa la bati na benchi bovu. Nasema hivyo mimi niliyeipenda. Mama yangu, binti wa askari Mnubi, alinilea hapo kwa kukaanga kabalagala, zile keki ndogo za ndizi mbivu na unga wa muhogo. Wanawake walitandaza bidhaa zao juu ya reli, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Honi ikilia konani, kila mmoja anainua chake bila pupa, treni inasimama, abiria wananunua madirishani, kisha inaondoka na soko linarudi chini palepale. Mama alikuwa anainua sigiri ya mkaa, karai likiwa juu yake, huku akimsengenya mtu, na umbea wake haukukatika.

Halafu zikaja nyumba za kuta ndefu kando ya ziwa, zikaja na kamati yao. Kamati ikaona moshi wetu unauaibisha mtaa mbele ya wageni. Wakalalamika huko juu, uzio ukajengwa, mlinzi akawekwa getini, wanawake wakafukuzwa. Treni bado inasimama, abiria wanashuka na njaa zao. Mama akahamia kichochoroni, ambako wapita njia wengi ni mbuzi.

Sasa kamati ileile imegundua kwamba ina majonzi. Ikaandaa siku ya kumbukumbu: hema, spika, viti vilivyovalishwa vitambaa utadhani vinaolewa. Mwenyekiti, mzee wa tai na kitambi cha ofisini, akaja mwenyewe kumwomba mama akaange kabalagala pale pake pa zamani, watu waone mambo yalivyokuwa. Nilimsihi asiende. Akanijibu kwamba mla ni mla leo. Akirudishiwa nafasi yake, maigizo mengine ni yao.

Akaenda, akakaanga. Walimzunguka na simu zao wakimpiga picha mpaka moshi ukawatoa machozi, na nadhani hayo ndiyo machozi pekee ya kweli siku ile. Mwisho mwenyekiti akampa maiki aseme neno. Mama hakuhutubia, aliuliza tu.

"Mzee, na kesho mimi naweza kuja kukaanga hapa tena?"

Mwenyekiti akacheka, akamshika bega. "Mama, wewe ndio stesheni yetu yenyewe," akasema, na hema zima likapiga makofi.

Mama, masikini, hajawahi kukaa kwenye kikao cha kamati. Alikulia kambini, na huko mkubwa akiulizwa jambo hadharani, akajibu kwa kicheko na watu wakapiga makofi, limekubaliwa. Hakuna anayerudi kuuliza mara ya pili. Alirudi nyumbani akiimba.

Alfajiri akaponda ndizi, akajitwika beseni, akabeba sigiri, akaenda. Mlinzi, ambaye jana yake alikula kabalagala mpaka akalamba vidole, hakufungua geti.

"Mama, kumbukumbu ilikuwa jana," alimwambia.

Nilimkuta nyumbani, sigiri haijawashwa, anafunika beseni la unga uliokwisha kukandwa. Hakuwa na hasira. Hasira zote ameniachia mimi.

"Sasa wale watu," akaniuliza, "walikuwa wanapiga makofi ya nini?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa matusi matupu, na mama hataki matusi nyumbani kwake.