Masika Aligusa Kitu Moja Tu

Batoto bangu, munajua ni nini inachokeshaka gari kwa mulima, hata kama motere iko muzima? Hapana muninyanyulie mikono, mi niko mukaka, nyanya yenu, hapana mwalimu! Mi nilisoma paka miaka mbili tu, kisha baba akanitosha ku masomo, nikaenda kuchunga mbuzi. Mais hii nitajibu mi mwenyewe, juu nilikuwa ndani ya ile gari, kiti ya mbele, mukaba kwa kifua kama mutu ya maana.

Munajua mujukuu wangu Masika, ule fundi wa magari hapa Vulamba, mu Butembo. Ndiyo, mwanamuke. Batu banafikaka kwa garaje banauliza, "Fundi iko wapi?" Na ye njo huyo amelala chini ya gari, banaona paka miguu. Anabajibu, "Niko hapa, ongea na hii bilatu ya miguu yangu, nitasikia." Oh, ule mutoto!

Bon. Hadji mumoja wa Beni, muzee wa heshima, mufanya biashara, alimuletea gari yake. Ni gari ya turbo, ya mazout, ile dizeli, njo inapandishaka muchele na mafuta ya ngazi, ile mawese, toka Beni mpaka huku Butembo. Kwa tambarare inakimbia sawa mbuzi yenye kuona mboga ya jirani. Lakini kwa mulima, ikifika katikati, nguvu inakwisha. Hadji anafinya, gari inalia tu.

Masika aliangalia siku muzima. Kisha akanielezea, mi naye tunachambua maharagi:

"Mukaka, turbo inakamataka hewa, inaifinya, inaiingiza mu motere. Mais hewa ukiifinya inakuwa moto, na hewa ya moto iko nyepesi, motere haishibe. Donc banaweka intercooler, ni kama radiatere yenye kupoza maji ya motere, lakini ye anapoza hewa. Ya Hadji iko kadogo, na imejaa matope na mafuta. Mulima ikikuwa murefu, kanashindwa. Nitaweka kubwa."

Mi nikasema weka, mutoto. Kumbe maneno ilikuwa inabakia.

Kuko fundi mwengine, Kakule, garaje yake inaangaliana na ya Masika. Ule akaanza kucheka barabarani, batu bote basikie: "Intercooler kubwa na reglaje ya zamani, mazout inapimwa ile ile? Masika, unavalisha muzee bilatu ya mupira kisha unamwambia akae kwa kiti! Ongeza mazout, ongeza nguvu ya turbo, Hadji asikie gari inaruka!"

Na Hadji naye alikuwa amesema, polepole, bila kukasirika, na ile njo ilituumiza: "Masika binti yangu, benzangu ya Beni bananicheka juu nimepatia mwanamuke gari. Ikichoka tena kwa ile mulima, sitarudia kwako. Na bo batajua."

Alors mutoto akakuya kwangu, macho nyekundu. "Mukaka, nibadilishe byote? Nikiongeza na mazout, hakika itapanda."

Nikamwambia, acha kwanza habari ya gari, kaa, nikupatie habari ya mukate.

Nakumbuka siku moja, nilikuwa bibi mupya kule Mabalako. Mama-mukwe wangu alikuwa anapika mukate mu furu ya matofali, na kanisa ilikuwa na bageni. Mukate yetu ile wiki ilikuwa inatoka nzito, katikati haiive. Mama-mukwe akaenda shamba, mi nikasema, leo nitamuonyesha banamuolea mwanamuke gani! Nikaongeza levire, ile ya kuvimbisha mukate. Nikaongeza kuni. Nikaongeza sukari. Nikabadilisha na unga, nikakamata ya jirani. Batoto bangu! Yulu, kwa ganda, ilikuwa makala, ndani ilikuwa bouillie, uji mutupu. Pasta alikula kipande kimoja, akasema asante, akakunywa maji vikombe tatu.

Mama-mukwe hakunipigia kelele. Aliniuliza tu: "Ni nini iliharibu?"

Nikasema, pengine kuni. Pengine levire. Pengine ule unga.

Akasema: "Mukate kuharibika, ile si kitu, tutapika ingine. Mais uligusa bitu bine mara moja, sasa hata kosa yenyewe haiwezi kutufundisha."

Ile neno iliniingia, mpaka leo iko. Kesho yake akanikalisha mbele ya furu. Unga ile ile, levire ile ile, kuni ile ile. Akaniambia niangalie paka mulango. Kumbe ulikuwa umepasuka pembeni, joto inatoka! Tukaziba na udongo. Mukate ikapanda mpaka nikapiga kigelegele peke yangu.

Masika alisikiliza, akapanguza macho, akasema asante kwa luga yetu, "Wasingya, mukaka." Akaenda. Akaweka intercooler kubwa, na bomba zake mbili. Reglaje ya mazout na ya turbo hakuigusa hata kidogo. Hadji akauliza, "Haukuongeza kitu?" Akamujibu, "Hapana, Hadji. Hata motere ikizunguka polepole, itachelewa kidogo kuitika, nisikudanganye. Mais kwa mulima njo tutaongea."

Tukashuka Beni sisi batatu. Mi nilisema naenda kuona dada yangu. Uongo mutupu, nilitaka kuona mulima! Bakapakia muchele, bakapakia mafuta, tukarudi. Hadji anaendesha, Masika nyuma kati ya mifuko, mi mbele.

Tukaanza kupanda. Gari inapanda muzuri, mi nimeshaanza kuimba. Tukifika katikati, pale pale yenye ilichokeaka, ikaanza kupiga mulunzi: fyuuuu. Nguvu ikakwisha. Mi nikaacha wimbo.

Hadji akamuangalia Masika mu kioo. Ile macho ya muzee ni mubaya kuliko matusi.

Masika akasema, "Hadji, simama pembeni." Akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua capot, kifuniko ya motere. Mi nikashuka, nikasimama karibu yake. Akaninongonezea: "Mukaka, ningegusa mazout na turbo, leo ningetafuta mpaka jua izame. Niligusa paka hii. Donc kosa iko paka hapa." Akaingiza mukono. Collier, ule mukaba wa chuma wenye kushika bomba, ulikuwa umeteleza, hewa inatoka pembeni.

Mi nikapiga kelele: "Mulango wa furu!"

Hadji akashituka, "Furu gani tena, mama?" Tukacheka, mi na Masika, kama bazimu.

Akakaza ule mukaba na clé, spana yake. Muda wa kumenya muhogo moja, haikupita pale. Tukaingia. Hadji akaondosha gari pale pale katikati ya mulima, na muzigo yote. Ikakamata. Ikapanda, ikapanda, haina mulunzi, haina kulia, mpaka yulu, na tukapita lori mbili. Nilibapungia mukono kama bibi wa gavana.

Yulu kule Hadji akasimamisha, akageuka nyuma. "Binti, nguvu hii umetosha wapi, na unasema haukuongeza?"

"Ilikuwa ya gari yenyewe, Hadji. Ilikuwa inapotea mu joto. Mi nimemurudishia tu."

Ule muzee akatingisha kichwa. Kisha akasema neno yenye ningependa Kakule asikie: "Ile gari yangu ingine, nitaileta juma ijayo. Na benzangu ya Beni, nitabaambia mi mwenyewe."

Ah, kifua yangu ilijaa! Nilifika Vulamba nikashukia mbele ya garaje ya Kakule, makusudi, nikamusalimia na sauti kubwa.

Sasa musikie, batoto bangu, juu ya ndoa, ya shamba, ya kazi, ya kila kitu. Kitu ikikushinda, hapana kugusa byote juu batu banakucheka. Gusa moja, yenye umeona na macho yako. Kisha ngoja, angalia. Ikikubali, utajua juu ya nini. Ikikataa, utajua pa kuingiza mukono. Na Mungu abapatie mikono yenye haina haraka, na mutu wa kubauliza polepole, "Ni nini iliharibu?"

Masika sasa banamuletea batoto ya kujifunza kazi, basichana babili bameshafika. Na ye aliniahidi, mikono ingali na mafuta nyeusi: "Mukaka, hakuna mutu atashika clé kwangu kabla ya kukuya kukaa kwako, na kusikia habari ya mukate."