Nta ya Mishumaa Kwenye Boriti

Tangu mumewe afariki, Mama Kidoti alishika ufunguo wa chumba cha kumbukumbu za parokia. Ndani mlikuwa na kasula zilizochakaa, mavazi ya misa ya mapadri wa kwanza, kalisi ya divai iliyobonyea, viatu vya sista aliyewafundisha bibi zetu kusoma, na kengele ya kwanza ya kanisa, ikining'inia kwenye boriti nene katikati ya chumba.

Boriti ilikuwa na vitundu vya wadudu. Katekista alimwonyesha namna ya kuviziba kwa mabaki ya mishumaa ya altareni: yeyusha, dondoshea, sugua mpaka boriti ing'ae. Kila Jumamosi alipanda ngazi akaziba. Wageni walisifia mbao za zamani.

Sasa askofu alikuwa anakuja kwa jubilei ya parokia, na kengele iliyonyamaza miaka mingi ingepigwa tena. Aliyechaguliwa kuvuta kamba ni Kidoti, binti yake wa darasa la pili.

Asubuhi ya mazoezi, Mama Kidoti alikuta unga mwembamba wa mbao sakafuni, chini ya kengele. Akafagia. Alipogeuka, unga upo tena. Akapanda ngazi, akabonyeza nta. Kidole gumba kikazama chote, kama kwenye uji uliopoa. Wadudu walikuwa wakila kwa raha zao nyuma ya nta, na nta ile aliipaka kwa mikono yake. Katekista akaingia kusimamia mazoezi.

"Katekista, kengele isipigwe. Boriti imeliwa."

"Umeota nini tena? Wewe si ndiye unayekimbia panya wa sakristia?"

"Panya namkimbia, ndiyo. Lakini panya hata akiniangukia sifi."

"Nimwambie baba askofu kengele inaumwa?"

Kidoti akaingia mbio na soksi zake mpya, akadaka kamba. "Mama, niangalie!"

"Acha!"

Hakuwahi kumkemea hivyo. Mtoto akaachia, midomo ikimtetemeka. Mama akamvuta hadi mlangoni, akamkumbatia kwa nguvu.

"Unamtisha mtoto bure," alisema Katekista. "Tazameni." Akavuta.

Kengele ikalia, nzito, tamu. Uwanjani watu wakasimama.

"Mmesikia?" Akacheka. Unga ukaanza kumwagikia nywele zake, kimyakimya, kama mtu anachekecha. Donge la nta likaanguka miguuni pake. Kicheko kikamkauka. Kengele bado ilibembea, na kila ilipobembea boriti iliguna.

"Mama Kidoti," akanong'ona, "nifanyeje?"

"Achia kamba taratibu. Njoo huku, kaka yangu. Usitazame juu."

Akaja kwa kunyata, mdomo wazi. Mama Kidoti akavuta mlango, akafunga kwa ufunguo. Wakashuka ngazi za nje.

Nyuma yao kengele ikalia tena, mara moja, kwa mlio wa kitu kinachopasuka. Ardhi ikatikisika. Vumbi la njano likapenya chini ya mlango, likashuka ngazi, likatua juu ya soksi mpya.

"Mama," Kidoti akauliza, "nani amevuta?"